Friji Inasema 4 Lakini Maziwa Imechacha? Cheki Hizi Vitu Kabla Uite Fundi

Kama unaishi Njiru, Chokaa ama Mihang'o, unajua hii stori: skrini ya friji inasema 4, lakini maziwa ya jana imechacha. Nani anadanganya?

Kwanza jua hivi: friji mob za nyumbani huonyesha joto ulilochagua, si joto liko ndani saa hii. So hio 4 inaweza kukaa hapo hata friji ikiwa moto.

Pima mwenyewe
Tafuta themomita ya jikoni. Ijaribu kwa glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo. Inafaa isome 0. Halafu iweke kwa glasi ya maji, shelfu ya katikati, ilale humo. Asubuhi ikisoma 4 ama chini, uko sawa. Ikipita 5, bakteria wanazaana haraka, hata kama nyama bado hainuki. Friza inafaa iwe -18.

Zikipishana, fuata hii laini

1. Stima. Ikipotea na kurudi kwa nguvu, bodi inaweza kuchanganyikiwa. Chomoa friji, ngoja dakika 10, dunga tena, upime kesho.

2. Mpira wa mlango. Funga karatasi kwa mlango, uivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa moto inaingia.

3. Barafu ukutani kwa ndani. Inaziba hewa baridi na kufunika sensa. Zima, acha mlango wazi iyeyuke yenyewe. Usichokore na kisu. Ukitoboa paipu ya gesi, umejimaliza.

4. Sensa. Ni kadude kadogo ka waya mbili. Kakiharibika, bodi inapewa habari za uongo. Fundi anakapima na mita.

Fundi akikuja
Akisema "gesi imeisha" kabla atoe mita, mwambie apime sensa kwanza. Gesi ya friji haiishi kama ya kupika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kumwaga doo.

Kama mathee anaweka insulini humo, usingoje fundi. Inataka kati ya 2 na 8, so ihamishe leo kwa friji ya jirani iliyopimwa. Na ikiwa ishaganda, isitumike tena, hata ikiyeyuka.