Chura wa Nta na Kalibu Yake

Mwanzoni mwa Mei 1942 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kanisa kuu la mji huo likabomoka upande mmoja. Mwaka uliofuata, kazi ya ukarabati ikiendelea, vilionekana vipande vya nta juu ya ukuta wa mawe ulio karibu na kaburi la Askofu Edmund Lacy, aliyefariki mwaka 1455. Vilikuwa sadaka za watu walioweka nadhiri wakiomba kuponywa: vidole, nyayo, mapaja, viungo vya farasi na wanyama wengine, na sanamu moja nzima ya mwanamke. Vingine vilikuwa na tundu la kupitishia uzi wa kutundikia. Vilikaa huko juu karne nne bila mtu kuvigusa.

Vilipona kwa sababu vilisahauliwa. Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry VIII ilipiga marufuku ibada za makaburi na sanamu, na makanisa yakasafishwa. Hata pasipo marufuku hiyo, kwa desturi nta haikuachwa itundikwe milele. Msimamizi wa kanisa aliishusha ilipojaa, akaiyeyusha, akaifanya mishumaa ya altareni. Ndiyo maana anayetaka kuiandika historia ya nadhiri za nta hujikuta na sadaka chache mno mkononi, na kalibu nyingi za mbao zilizotumika kuzitengeneza. Sadaka ilikuwa mali, ikatumika. Kalibu ilikuwa kifaa cha kazi, ikabaki rafuni mwa fundi.

Nta ya nyuki ilikuwa mali kwelikweli. Kanisa Katoliki lilitaka mishumaa ya misa iwe ya nta hiyo na si ya mafuta ya wanyama, na nyuki wa Ulaya magharibi hawakutosheleza mahitaji. Wafanyabiashara wa miji ya kaskazini mwa Ujerumani walifuata nta hadi Novgorod, nchini Urusi, na kuirudisha kwa meli kupitia bahari ya Baltiki. Karne nyingi baadaye, nchi yetu, Tanzania bara ya leo, ilipokuwa chini ya Wajerumani, nta iliyotoka kwenye mizinga ya misitu ya miombo ya Unyamwezi nayo ilisafirishwa hadi Hamburg. Kwa hiyo aliyeahidi kumpa mtakatifu nta alikuwa ameahidi kitu chenye bei, na hapo mwanzo uzito ulikuwa na maana kuliko umbo. Mgonjwa aliweza kuwekwa kwenye mizani na jamaa zake wakaahidi nta ya uzito wake. Asiye na uwezo huo alipimwa kwa uzi toka utosini hadi unyayoni, uzi ukafanywa utambi wa mshumaa. Mwaka 1443 Margaret Paston, mke wa mwanasheria wa Norfolk, alimwandikia mumewe aliyekuwa akiugua London kwamba mama mkwe wake, yaani mama wa huyo mume, ameahidi kupeleka kwenye kituo cha hija cha Walsingham sanamu ya nta yenye uzito sawa na wa mwanawe. Barua hiyo ipo mpaka leo.

Matajiri wa Florence walitaka zaidi ya uzito. Katika kanisa la Santissima Annunziata waliweka sanamu za nta za kimo cha mtu, zenye nywele na mavazi halisi. Ukoo wa Benintendi uliishi kwa kazi hiyo. Mwaka 1478 maadui wa Lorenzo de' Medici, kiongozi wa mji huo, walimvamia ndani ya kanisa kuu. Ndugu yake Giuliano aliuawa, yeye akaponea chupuchupu na jeraha la shingo. Mwandishi Giorgio Vasari anasimulia kuwa ndugu na marafiki walimwagiza Orsino Benintendi, akisaidiwa na mchongaji Verrocchio, atengeneze sanamu tatu za Lorenzo. Moja ilivishwa nguo zilezile alizokuwa nazo siku ya shambulio. Kati ya umati ule wote wa nta uliojaa Annunziata, hakuna hata sanamu moja iliyobaki.

Maskini hakuwa na Verrocchio. Alikuwa na kalibu, na kalibu ilistawi zaidi Bavaria, Austria na Tirol, kati ya karne ya 17 na ya 19. Huko ufundi wa nta ulishikwa na watu walewale walioshika asali. Fundi wa namna hiyo, kwa Kijerumani Lebzelter, alinunua masega, akakamua asali ya kuoka mikate migumu yenye viungo na ya kutengeneza pombe, wanzuki wa kizungu tuseme, kisha nta iliyobaki akaifanya mishumaa na sadaka. Mikate nayo ilipigwa chapa kwa vibao vya kuchonga, hivyo duka moja liliweza kuuza mtoto wa kuliwa na mtoto wa kuwekwa altareni.

Mti uliopendwa kwa kalibu ni mpeasi, kwa kuwa mbao zake ni ngumu na nyuzi zake zimeshikana, zinakubali mistari myembamba bila kupasuka. Mchongaji alifanya kazi kinyume: pua alichimba shimo, jicho likawa kijishimo ndani ya shimo, na mkono wa kulia aliuchonga kushoto. Kwa sanamu nzima alichonga vibao viwili vinavyokutana, akavitia vijiti vya kuvishikamanisha visiteleze. Kabla ya kazi kalibu ililowekwa majini, maana mbao kavu huing'ang'ania nta. Vibao vilifungwa kwa kamba, nta ya moto ikamiminwa kupitia tundu la chini. Fundi akaizungusha mpaka ishike kutani, kisha nta iliyozidi akaimwaga irudi sufuriani. Kilichotoka kilikuwa chepesi, tupu ndani. Hapa ndipo mambo yalipogeuka: sadaka ilianza kuhesabiwa kwa umbo, uzito ukawa wa kubahatisha. Aliyetaka nta nyeupe alilipa zaidi, kwa kuwa ilibidi ianikwe juani kwa majuma, ikinyunyiziwa maji na kugeuzwa. Nyingine ilitiwa rangi nyekundu.

Ukizitazama kalibu hizo kwa pamoja unasoma orodha ya maombi. Macho mawili juu ya kibao kimoja. Meno. Mguu, mkono, titi, mapafu na koo vikiwa vimeungana. Ng'ombe, farasi na nguruwe, kwa kuwa kwa mkulima ugonjwa wa zizini ulikuwa msiba wa nyumbani. Mtoto aliyefungwa nepi kwa mikanda kama gunzi la hindi alipelekwa na waliotamani mtoto na pia na waliokwisha kumpata. Kalibu haikumjua mtu: mguu wa fundi seremala na mguu wa mjane ulitoka kibao kimoja. Nadhani ndiyo sababu watu waliiamini, kwani aibu ya ugonjwa ilibaki nyumbani.

Aibu hiyo ndiyo inayomweleza chura. Katika Bavaria na Austria watu waliamini kuwa tumbo la uzazi ni kama mnyama anayeishi ndani ya mwanamke, anatambaa, anapanda hadi kifuani, anauma. Sura aliyopewa ni ya chura. Mwanamke mwenye maumivu, au asiyeshika mimba, alimnunua chura wa nta na kumweka mbele ya Bikira Maria bila kusema neno. Kusini mwa Tirol haja hiyohiyo ilipelekwa kwa namna ya mpira wenye miiba. Wapo mapadri walioona haya na kuziondoa sadaka hizo. Mafundi waliendelea kuzitengeneza, kwa kuwa wanawake waliendelea kuzinunua.

Kilichoua biashara hii hakikuwa kimoja. Katika miaka ya 1780 Kaisari Joseph II wa Austria alibana hija na mapambo ya makanisa, na mwaka 1803 Bavaria ilizifunga monasteri zake. Katikati ya karne ya 19 ikaja parafini, na nta ikapoteza bei iliyokuwa imeifanya istahili kuahidiwa. Mwaka 1904 Richard Andree alichapisha kitabu kizima juu ya sadaka za nadhiri za kusini mwa Ujerumani. Baada yake Rudolf Kriss wa Berchtesgaden alikusanya maelfu ya vitu vya ibada za wananchi, ambavyo hatimaye vilikwenda kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Bavaria. Huko Pfaffenhofen, kaskazini mwa München, kuna makumbusho ya mafundi wa asali na nta, kalibu zao zikiwamo.

Desturi yenyewe haijafa. Fátima, nchini Ureno, mahujaji bado hununua miguu, vichwa, matiti na watoto wachanga wa nta, ambayo siku hizi mara nyingi ni parafini, na kuvitupa motoni kando ya kanisa dogo la matokeo ya Bikira Maria. Vinayeyuka hapohapo. Wapo pia wanaonunua mshumaa wenye kimo cha mgonjwa wao.