Utambuzi wa nyama ya reptilia kwa vinasaba

Utambuzi wa nyama ya reptilia kwa vinasaba ni njia ya kimaabara ya kujua spishi ya mnyama ambaye ngozi, gamba na kichwa chake vimekwisha kuondolewa. DNA hutolewa katika kipande kidogo cha nyama. Sehemu ya jeni ya mitokondria, kama sitokromu b, hunakiliwa, husomwa na kulinganishwa na mifuatano ya spishi zinazojulikana. Kwa kuwa DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama, haimtambulishi baba wa chotara. Mwaka 2000 Joe Roman na Brian Bowen walichapisha uchunguzi wa nyama iliyouzwa kusini-mashariki mwa Marekani kama ya kobe. Baadhi yake ilikuwa ya aligeta. Utambuzi huo ni muhimu pia kwa sababu CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, unakataza biashara ya kimataifa ya nyama ya kasa wote wa baharini.