Minara na Masanamu: Nani Hukumbukwa, Nani Husahauliwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwanafunzi mmoja wa chuo chetu hapa Kwaluguru alirudi kutoka Dar es Salaam na swali: "Sheikh, lile sanamu la askari pale mjini lina maana gani, na sisi wa huku linatuhusu nini?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile. Leo napenda nilirefushe jibu, kwani swali lake ni zito kuliko alivyodhani.

Kwanza tufahamu kuwa jengo la kumbukumbu huwa na maana mbili: ile aliyoikusudia mjengaji, na ile inayobaki baada yake. Mafirauni wa Misri walijenga mapiramidi ili majina yao yadumu. Masahaba walipoifungua Misri katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (R.A.), wakiongozwa na Amr bin al-Aas (R.A.), waliyakuta na wakayaacha yalivyo. Mwishoni mwa karne ya 12, al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, alijaribu kubomoa piramidi dogo kati ya yale matatu makubwa ya Giza. Mafundi walihangaika kwa muda wa miezi minane, wakaishia kuacha kovu ambalo linaonekana hadi leo. Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia. Basi kile alichokijenga Firauni kwa kujitukuza, kwa mwenye akili kimegeuka kuwa mawaidha.

Sasa turudi Dar es Salaam. Kabla ya sanamu la askari, Wajerumani waliweka mjini humo sanamu la Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyeletwa mwaka 1889 kuzima upinzani wa watu wa pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani, aliyewaongoza Wazigua, alisalimu amri mwaka 1890. Sanamu lile lilimwonyesha Wissmann amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Hapana haja ya mfasiri. Vita vilipokwisha lilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1922 likasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa huko huko wakaliangusha mwaka 1968. Kilichokuwa fahari kwa mababu kimekuwa aibu kwa wajukuu.

Askari wa shaba unayemwona leo katika makutano ya mtaa wa Samora na Maktaba aliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake, yakiwemo ya herufi za Kiarabu, yanawataja pia wapagazi. Na hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka bonde la mto Pangani, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Nyuma ya kila jeshi walikuwako wapagazi wakibeba unga na risasi vichwani. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, homa na kuhara. Walizikwa njiani bila alama, na majina yao wengi hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Askari mmoja wa shaba asiye na jina amesimama badala ya maelfu waliokuwa na majina.

Je, dawa ni kujenga masanamu mengine? La. Msimamo wa wanazuoni wetu juu ya masanamu ya viumbe wenye roho unajulikana. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, kujenga juu ya kaburi ni makuruhu, na katika makaburi ya wakfu ni haramu. Hata hivyo, imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un (R.A.) ili alitambue. Zingatia tofauti hii: kutukuza kumekatazwa, kutambulisha kumeruhusiwa.

Mtu atauliza: na yale makaburi ya minara ya Tongoni, kusini ya Tanga? Waliyoyajenga walikuwa Waislamu, na kwa mizani ya fiqhi walivuka mpaka. Lakini haifai mtu achukue nyundo. Hayo ni mambo ya kale yanayolindwa na sheria ya nchi ya mwaka 1964, na ni shahidi kwamba Uislamu umekaa katika pwani hii kwa karne nyingi. Jina lenyewe Tongoni lafahamisha mahame. Aliyezikwa pale chini ya nguzo ndefu na mpagazi aliyezikwa porini bila jiwe wote watasimamishwa siku moja.

Nasaha yangu kwa vijana wa Handeni na Korogwe ni hii: waulizeni wazee, maadamu wapo, majina ya babu zao waliochukuliwa upagazi na hawakurudi. Yaandikeni. Na mkionyeshwa kaburi la zamani, lisifutwe kwa jembe. Liwekeeni jiwe na muwaombee waliomo. Kumbukumbu hiyo haihitaji shaba wala fundi kutoka ng'ambo.

Wallahu a'lam.