Akteri hafi, lakini Fizi haikupata akteri

Wengi mnanijua kama mtu wa mihogo na mbolea. Leo naacha shamba kidogo, naomba tuongee juu ya filamu, kwa sababu kabla sijawa agronomi nilikuwa mtoto wa video, na mpaka leo bado.

Nilizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, mwaka 1997. Video yetu ya kwanza ilikuwa nyumba ya udongo yenye jenereta nyuma, tunakaa chini tumebanana kama dagaa. Filamu zilikuwa za Kiingereza au Kichina, lakini juu yake kulikuwa na sauti ya Kiswahili ya Lufufu wa Dar es Salaam, anatafsiri, anachekesha, anaongeza na ya kwake. Kule tulimuita shujaa wa filamu "stelingi". Mwaka 2008 tulipanda meli Kigoma, tukashuka Baraka, na batoto ba Baraka wakanicheka. Hapa ni "akteri", na adui yake ni "sefu-bandi". Majina yalibadilika, lakini sheria ilikuwa moja pande zote mbili za ziwa: akteri hafi. Akteri akifa, watu wanadai feza zao mlangoni.

Nilikua na sheria hiyo bila kuuliza swali moja: nani anachagua akteri? Leo nataka kuliuliza kwa historia yetu sisi wenyewe, ya ziwa na milima ya Fizi. Maana filamu juu ya upande huu zipo, na zingine ni kubwa sana.

Tuanze na ziwa. Mwaka 1951 ilitoka The African Queen ya John Huston, na Humphrey Bogart akapata Oscar yake ya pekee kwa filamu hiyo. Hadithi inatoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya 1935, na riwaya ilichota kwenye jambo lililotokea Tanganyika kweli. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazipitisha milima ya Mitumba kwa nchi kavu, wakazishusha ziwani upande wa Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo, ni ile ile Liemba ambayo wazazi wetu wanaijua.

Boti hazipandi milima peke yake. Zilivutwa na mashine za mvuke, ng'ombe, na mamia ya wanaume weusi waliofyeka njia na kujenga madaraja ya miti. Kwenye filamu hutawaona. Waafrika wanatokea mwanzoni kanisani wanaimba, kijiji kinachomwa, halafu basi, wanabaki askari wa mbali wanaopiga risasi. Akteri ni mzungu mwenye boti. Filamu yenyewe ni nzuri, naikubali, nimeiangalia mara tatu. Lakini mtu wa ziwani akiimaliza anajiuliza: sisi tulikuwa wapi?

Sasa tufike 1965, mwaka wa Baraka. Uasi wa Simba ulikuwa umeshapoteza Kisangani, na ngome iliyobaki ilikuwa huku kwetu, Fizi na Baraka. Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa 5 Commando, chini ya Mike Hoare, walishuka Baraka kutoka ziwani. Mapigano yalikuwa makali. Oktoba wakaingia Fizi. Wazee wanaokumbuka hawasemi tarehe, wanasema "mwaka wa wazungu wa kukodiwa".

Ni nani aliyepata filamu? Si Baraka. Mwaka 1968 Jack Cardiff, ambaye ndiye aliyekuwa mpigapicha wa The African Queen, alitengeneza Dark of the Sun, hadithi ya mamluki Kongo wakati wa Simba. Waliipiga Jamaica! Akteri ni Rod Taylor, mamluki. Sajenti Mkongo alichezwa na Mmarekani mweusi, Jim Brown, na anacheza vizuri kabisa, lakini nyie mnaojua sheria mtaniambia: ni nani anayekufa ili hasira ya akteri ipande? Ni rafiki yake mweusi. Akteri hafi, rafiki wa akteri njo anakufa.

Miaka kumi baadaye, 1978, ikatoka The Wild Geese. Richard Burton, Roger Moore, Richard Harris, wote pamoja. Burton anacheza koloneli wa mamluki aliyechongwa kwa mfano wa Mike Hoare, na Hoare mwenyewe aliajiriwa kuwa mshauri wa filamu. Fikirini vizuri. Mtu aliyeshuka na bunduki kwenye ufuko wa Baraka alipata kuchezwa na mmoja wa waigizaji wakubwa wa dunia, na akalipwa kueleza namna ya kufanya. Alikufa Durban Februari 2020, ana miaka 100. Kwa kweli huyo alikuwa akteri mpaka mwisho: hafi.

Sasa upande mwingine. Tarehe 24 Aprili 1965 kikundi kidogo cha Wakuba kilivuka usiku kutoka Kigoma, kikafika Kibamba, pwani ya Fizi. Walipewa majina ya namba za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, mwingine Mbili, na wa tatu, aliyenyoa ndevu ili asijulikane, akaitwa Tatu. Huyo ni Che Guevara. Alikaa milimani kwetu karibu miezi saba, pumu inamsumbua, anatibu wagonjwa, anagombana na uvivu wa viongozi. Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera, kwenye kituo cha umeme, wakashindwa, Wakuba wanne wakafa. Tarehe 3 Oktoba, Fidel Castro alisoma barua ya kuaga ya Che mbele ya watu Havana. Dunia nzima ikauliza yuko wapi. Alikuwa huku, kwenye mvua ya Fizi. Novemba akavuka ziwa kurudi Kigoma, na yeye mwenyewe akaandika kwamba kazi ya Kongo ilishindwa.

Che ana filamu nyingi. Omar Sharif alimcheza 1969. Gael García Bernal alimcheza kijana kwenye The Motorcycle Diaries, 2004. Na mwaka 2008 Steven Soderbergh alitengeneza Che, sehemu mbili, zaidi ya saa nne, Benicio del Toro akashinda tuzo ya mwigizaji bora Cannes. Mimi nilikaa na hizo saa nne, usiku, chumbani Bukavu, nikingoja Kibamba. Sehemu ya kwanza ni Kuba. Sehemu ya pili ni Bolivia. Fizi imerukwa. Saa nne hazikutosha kwetu hata dakika kumi.

Ninaelewa sababu moja. Kwetu Che alishindwa bila hata kufa vizuri, na sinema haipendi hiyo. Lakini mimi naona filamu iko hapo hapo. Leonard Mitoudidi, kamanda ambaye Che alimheshimu, alizama ziwani mbele ya Kibamba Juni 1965. Laurent-Désiré Kabila alikuwa na miaka 25 tu, umri wetu sisi tunaotafuta kazi, na mara nyingi hakuwa mbele na askari wake. Kuna dawa ya waganga, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na masharti yake: usiogope, usiguse hiki, usile kile. Tukiambiwa Captain America alidungwa sindano akapata nguvu tunakubali. Dawa ya babu zetu tunaicheka. Sisemi ilifanya kazi, watu wengi walikufa kwa kuiamini. Nasema ni hadithi, na haina mtu aliyeisimamia.

Hapo ndipo naleta mashujaa wa nguvu, maana najua mlikuwa mnawangoja. Black Panther alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, akatokea kwenye toleo la Julai 1966, miezi minane baada ya Che kuondoka Kibamba. Mfalme mweusi, nchi yenye madini ambayo dunia yote inayataka. Mtu wa Fizi anayeijua Misisi na zahabu yake haitaji kuelezwa. Filamu ya Ryan Coogler ilitoka 2018, ikapata Oscar tatu. Na uchaguzi wa waigizaji, kwa maoni yangu, ni bora kuliko wa filamu yoyote ya Marvel: Chadwick Boseman, Lupita Nyong'o wa Kenya, Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni wa Uganda, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala.

Lakini mtu ninayemshika mkono mimi ni John Kani wa Afrika Kusini. Kani alicheza baba wa Black Panther, mfalme T'Chaka, kwanza kwenye Civil War ya 2016. Ni yeye aliyependekeza mfalme aongee Kixhosa na mwanawe, na kutoka hapo Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Sasa rudini kwenye The Wild Geese ya 1978, muangalie wale mamluki vizuri. Kuna sajenti mweusi kati yao, Jesse Link. Ni John Kani! Mtu yule yule. Mwaka 1978 nafasi aliyopewa ilikuwa kubeba bunduki nyuma ya mzungu aliyechongwa kwa Mike Hoare. Miaka 38 baadaye ni mfalme, na lugha yake ndiyo lugha ya filamu. Watu husema kuchagua waigizaji ni mambo ya mashabiki tu, ya kupigana kelele nani awe Batman. Mimi natazama njia ya Kani, naona historia nzima.

Haya, kikosi changu cha filamu ya Fizi 1965 ni hiki. Mike Hoare: Jamie Dornan, Mwayalandi, ameshazoea gwanda la Kongo kwenye The Siege of Jadotville ya 2016. Kwangu atakuwa sefu-bandi, pole. Mitoudidi: Daniel Kaluuya, kwa sababu alivyomcheza Fred Hampton alionyesha anajua kubeba kiongozi anayekufa mapema. Kabila: kijana asiyejulikana, wa Lubumbashi au Uvira, ili tusimuone Rais kabla ya wakati. Che: yeyote anayejua kukohoa. Kwangu Che si akteri.

Akteri wangu ni Freddy Ilanga. Alikuwa mtoto wa miaka kama 16, alipewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Wakuba walipoondoka, naye akaishia Kuba, akasoma, akawa daktari, na karibu miaka 40 akakosa habari za jamaa zake. Kuna filamu ya ukweli juu yake, ya Katrin Hansing, 2009. Lakini filamu ya hadithi, ya kutazamwa kwenye video za Baraka, bado. Na nafasi hiyo simpi nyota yeyote wa Hollywood. Naipa mtoto wa Baraka anayeongea Kibembe na Kiswahili chetu.

Namalizia na jambo linaloniuma. Babu yangu alikuwa kijana mwaka 1965, kwenye kijiji cha ziwani kusini ya Baraka, anapiga kasia. Mwaka 2022 nilikuja likizo na simu yangu nzuri, nikamwambia: babu, nieleze, narekodi. Akaanza pole pole. "Ule muntu alikuwa anakohoa sana. Alinipatia dawa ya malaria, mimi nikamupatia samaki. Sikujua ni nani. Usiku moja tulivusha..." Simu ikakata. Nafasi imejaa. Ndani kulikuwa na Avengers zote, na Wild Geese pia. Ningefuta moja tu. Nikamwambia, babu, tutaendelea nikirudi na mémoire yangu imeisha. Akacheka, akasema sawa, mjukuu wangu. Mwezi wa pili baada ya hapo tukamzika.

Ninazo dakika saba. Sijui usiku ule walivusha nani.

Kwenye Black Panther, Killmonger anachoma bustani ya ule mmea unaompa mfalme nguvu. Mashabiki wanaona hasira ya mfalme mbaya. Agronomi anaona mbegu zinaungua, na hakuna aliyeweka akiba. Kwetu hata hakuna aliyewasha moto, ni sisi tunangoja likizo nyingine. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule sasa anakaribia 80. Kwa hiyo nawaomba, wenye babu na bibi Fizi, Baraka, Lulimba, Kibamba, na wale waliobaki Nyarugusu: futeni filamu moja kwenye simu, hata ile mnayoipenda. Mkae chini, muulize, mrekodi. Waigizaji tutawatafuta baadaye.