Swali la Kijinga: Habari za Neno na za Mwulizaji Mmoja

Methali isemayo kuwa kuuliza si ujinga yajulikana na kila asemaye Kiswahili, na kwa kuwa yajulikana mno watu hawaichungui tena. Walakini methali haikanushi jambo ambalo hapana mtu alidhaniye. Kama isingekuwa desturi kumwona aulizaye kuwa ni mjinga, isingekuwapo haja ya kuwaambia watu kuwa sivyo. Katika maneno hayo matatu zimo sauti mbili: ya yule achekaye, ambayo haikuandikwa, na ya yule amteteaye anayechekwa.

Neno lenyewe, ujinga, lastahili kutazamwa kabla ya mengine. Siku hizi mjinga na mpumbavu hutumiwa kana kwamba ni neno moja, na katika matusi ya njiani hapana asitaye kuchagua. Zamani hazikuwa hivyo. Kamusi za kale, kama ile ya Madan ya 1903 na ile ya Johnson iliyotoka 1939, zaonyesha kuwa mjinga aliweza kuwa mgeni wa mahali tu, mtu ambaye hajazoea. Katika miji ya pwani wakati wa biashara ya utumwa wajinga waliitwa hasa watumwa walioletwa karibuni kutoka bara, wasiojua bado lugha wala mwendo wa mji, nao walipambanuliwa na wazalia, yaani watumwa waliozaliwa pwani. Jina lilikuwa la dharau, hilo halina shaka, lakini lilihesabu siku za mtu mjini wala halikupima akili zake. Ndiyo maana ipo methali nyingine isemayo kuwa mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Mpumbavu haerevuki, mjinga huerevuka, na akiisha kuerevuka huanza kuuliza hesabu zilizokwenda wapi.

Maana hiyo ya kale haikupotea kabisa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 wananchi waliambiwa kuwa maadui zao ni watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na hapana aliyeona kuwa ametukanwa. Ujinga ulitajwa pamoja na maradhi kwa kuwa yote mawili huondoka yakipata tiba. Basi swali la kijinga, kwa asili ya neno, ni swali la mtu aliyefika jana, na sifa hiyo haitoi habari ya swali bali ya mahali asimamapo mwulizaji. Ni ajabu kuwa shuleni, mahali palipojengwa kwa ajili ya wajinga kwa maana hiyo njema, ndipo kicheko juu ya maswali yao husikika zaidi kuliko penginepo.

Mfano ulio wazi wa mambo hayo ni habari ya Erasto Mpemba, ambayo mwenyewe aliieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, akishirikiana na Dakta Denis Osborne. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yatiwe katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa chache, na waitakao wengi. Siku moja mwenziwe, akichelea kukosa nafasi, alitia maziwa yake bila ya kuyachemsha. Na Mpemba, kwa hofu ile ile, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe yalikuwa bado mazito tu kama uji.

Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, aliambiwa kuwa jambo hilo haliwezekani, na kwamba bila shaka alichanganyikiwa. Naye aliliamini jibu hilo kwa wakati ule, kama mwanafunzi yeyote angaliamini. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake mmoja aliyekuwa akifanya biashara ya aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kuwa yeye hutia maziwa yangali moto kwa makusudi, ili yagande upesi. Ikadhihirika kuwa wauza aiskrimu wengine wa Tanga walifanya vivyo hivyo. Watu hao hawakuwa na swali lolote. Kazi iliwafundisha, nao wakashika mazoea yaliyowaletea faida. Na ujuzi wa namna hiyo, ambao umejaa katika majahazi, mashamba na jikoni kote nchini, hukaa karne nyingi bila ya kufika shuleni kwa kuwa hapana auulizaye jina lake.

Mpemba aliendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa. Darasa lilipofika katika kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, alilirudisha swali lake. Mwalimu huyu wa pili alijibu kama wa kwanza. Na mwanafunzi alipozidi kushindana naye, akasema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila Mpemba alipokosea hesabu, aliambiwa kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba, na darasa zima likaushika mzaha huo. Hapa msomaji wa sarufi aweza kusimama kidogo. Kiunganishi kile cha kumilikisha kilifanya kazi ya kumtoa mtu nje. Ujuzi ukiwa wa wote hauna mwenyewe. Kuupa mwenyewe ni kusema kuwa si ujuzi. Na leo vitabu vya fizikia duniani vyatumia muundo ule ule, athari ya Mpemba, kwa kumheshimu.

Hakukaa kimya. Siku moja aliiona maabara ya biolojia i wazi, akachukua vyombo viwili vidogo vya kioo, akajaza kimoja maji ya bomba na cha pili maji ya moto, akavitia katika jokofu. Baada ya saa moja chombo cha maji yaliyokuwa moto kilikuwa na barafu nyingi zaidi. Yeye mwenyewe aliandika kuwa jaribio hilo halikutosha kuthibitisha neno, na ukweli huo wa kujizuia wapaswa kusifiwa, kwa kuwa wengi waliomcheka hawakuwa nao.

Kisha Dakta Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam, katika chuo kilichokuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Baada ya mazungumzo Mpemba alisimama akauliza: vyombo viwili vilivyo sawa vikitiwa maji ya kadiri moja, kimoja kikiwa na joto la digrii 35 na kingine digrii 100, vikawekwa katika jokofu, kile cha digrii 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Osborne alitabasamu, akataka swali lirudiwe. Kisha akauliza naye: Je, ni kweli? Umefanya? Mpemba akajibu kuwa ndiyo. Osborne akasema kuwa hajui sababu, na akaahidi kulijaribu jambo hilo atakaporudi Dar es Salaam. Wanafunzi wenziwe walimwambia Mpemba kuwa amewaaibisha, na kwamba nia yake ilikuwa kumwuliza mgeni neno asiloweza kulijibu. Mmoja alimwuliza kama aliielewa kweli sura ya Newton.

Osborne naye hakuwa na imani kubwa. Alidhani kijana amekosea, ila aliona kuwa haifai kumdharau. Alimpa kazi hiyo fundi kijana wa maabara. Fundi akaleta habari kuwa maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Katika habari yote hii hapana neno lenye mafunzo kuliko hilo. Fundi aliona kwa macho yake, na bado alidhani kuwa kosa ni la macho.

Hata hivyo si haki kuwafanya walimu wale kuwa wapumbavu. Hoja yao ilikuwa nzuri. Maji ya digrii 100, kabla ya kuganda, hapana budi yapite kwanza katika digrii 35. Na yakifika hapo yatahitaji muda ule ule uliohitajiwa na yale yaliyoanzia 35, pamoja na muda wa kufika hapo. Yatawahije, basi? Hoja hii haina ufa ikiwa maji hayana kumbukumbu, yaani ikiwa hali yao yote yaelezwa kwa tarakimu moja ya joto. Lakini maji yaliyoshuka mpaka digrii 35 yamekwisha kutoa mvuke yakapungua. Hewa iliyomo imefukuzwa. Juu yana joto kuliko chini, na humo ndani yanazunguka. Hata chombo chenyewe huenda kimeyeyusha barafu iliyokuwa chini yake kikakalia chuma vizuri zaidi. Osborne alijaribu kufunika maji kwa mafuta mepesi ili kuzuia mvuke, akaona kuwa kuganda kwachelewa sana, na akahesabu kuwa kupungua kwa maji peke yake hakutoshi kuwa sababu.

Tena swali halikuwa geni. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja kuwa watu watakao kupoza maji upesi huyaweka kwanza juani, na kwamba wavuvi wa nchi ya Ponto humwagia maji ya uvuguvugu matete yao ili barafu iyashike haraka. Bacon aliliandika jambo hilo mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Yaani wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na wenzi wao wa Ponto. Swali lilipokuwa mikononi mwa wenye majina liliitwa falsafa. Liliposemwa na kijana wa Iringa likaitwa kuchanganyikiwa.

Je, basi, maswali ya kijinga hayapo kabisa? Yapo, lakini ni vyema yatafutwe mahali ambapo hapana acheki. Mji wa mawe wa Zimbabwe Kuu uliulizwa kwa muda mrefu swali moja: ni wageni gani walioujenga? Carl Mauch, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1871, aliwaza habari za Malkia wa Sheba. Theodore Bent alichimba mwaka 1891 akafikiri juu ya watu wa Arabuni. Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha kwa vitu vilivyofukuliwa kuwa wajenzi walikuwa Waafrika wenyewe. Lakini swali halikufa. Mwaka 1970 Peter Garlake, mtaalamu wa mambo ya kale, aliondoka Rhodesia kwa kuwa serikali ya walowezi haikutaka jibu hilo litolewe waziwazi. Miji ya pwani yetu ilipata swali la namna hiyo hiyo, kama waliojenga ni Waarabu au Waajemi, kwa miaka mingi; mpaka uchimbaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulipoonyesha chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti iliyoanzia karne ya 8, mji ukikua palepale hatua kwa hatua.

Tofauti ya maswali haya na la Mpemba yaonekana katika sarufi. Kiulizi gani chauliza juu ya kipande kimoja cha sentensi tu, na vipande vingine hupita bila ya kuulizwa. Asemaye wageni gani walijenga amekwisha kusema kuwa ni wageni. Ni kweli kuwa kwa nini nayo hubeba mzigo wake: Mpemba aliposema kwa nini maji ya moto huganda kwanza, alikwisha kutia ndani kuwa huganda kwanza. Hapana swali lisilo na mzigo. Lakini Osborne alipotaka mzigo ufunguliwe, akauliza kama jambo limefanywa, mwenyewe hakukasirika, kwani alikuwa ameufungua kabla yake. Wale wa Zimbabwe walifunguliwa mzigo wao mara mbili, 1905 na 1929, wakaufunga tena.

Mzigo wa Mpemba ungali wafunguliwa. Mwaka 1969 huo huo George Kell wa Kanada, asiyejua habari za Iringa, aliandika juu ya jambo lile lile. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliwaalika watu waeleze sababu, na majibu yakazidi elfu ishirini. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer waliliona jambo hili wazi katika punje ndogo mno iliyoendeshwa kwa mwanga ndani ya maji, ambako hapana mvuke wala jokofu la kulaumiwa. Lakini juu ya maji yenyewe, mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kufika digrii sifuri, wakasema hawakupata ushahidi kuwa maji ya moto hutangulia, na kwamba kuhamisha kipimajoto juu au chini kidogo tu huweza kumdanganya mpimaji. Huenda, basi, mwalimu wa Magamba hakukosea. Ila wao walijaza maji katika vyombo, wakaketi na saa.