Moto wa Dani Ulikuwa Tayari

Wasee, kuna swali limenisumbua tangu niache chuo. Ukitembea Dunga Beach jioni huwezi kukosa kukanyaga vipande vya chupa, kijani, kahawia, nyeupe. Mbona Kisumu tunajua sana kuvunja chupa, lakini kuiyeyusha tunaona ni kazi ya wazungu, ama ya wale wasanii wa Kitengela huko karibu na Nairobi?

Jibu la haraka huwa: "Wazee wetu hawakuwa na teknolojia." Mimi hilo jibu nimelikataa. Sikiza.

Tuanze na joto. Chupa ya kawaida ikifika karibu digrii 700, kingo zake kali zinaanza kulainika na kung'aa zenyewe. Huko ndiko kung'arisha kioo kwa moto. Ukipandisha hadi 800 na kitu, vipande vinashikana na kujaza kalibu, yaani lile umbo la udongo ulilolitayarisha. Sasa angalia akina mama wa Kijaluo wanaofinyanga agulu. Vyungu vyao wanavichoma nje, bila tanuri, kwa nyasi, kuni na samadi. Moto kama huo unaweza kupita 700, na siku nzuri ukagusa 800. Kwa hivyo joto lilikuwa hapa kandokando ya ziwa zamani sana kabla reli ifike Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, Desemba 1901.

Kioo nacho? Kilikuwa kinavaliwa kiunoni. Tigo, zile shanga, nyingi zilikuwa kioo. Karne ya 19 misafara kutoka pwani ilizibeba hadi bara, na nyingi zilikuwa zimetengenezwa Venice. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika ziwani Desemba 1883, alipita Taveta kwanza, na hapo alilazimika kusimama ili watu wake watunge upya maelfu ya nyuzi za shanga kwa urefu ambao Wamaasai wangekubali. Ukibeba rangi isiyopendwa ama uzi mfupi, hununui chakula. Manze, shanga ilikuwa pesa.

Moto tulikuwa nao, kioo tulikuwa nacho. Kuna Waafrika walioviunganisha? Wapo. Mahali panapoitwa K2, karibu na mto Limpopo, Afrika Kusini, miaka elfu moja hivi iliyopita watu walichukua shanga ndogo zilizokuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi, wakaziyeyusha ndani ya kalibu za udongo, wakapata shanga moja kubwa nene. Kalibu ilivunjwa ili kuitoa, na vigae vyake vilipatikana hapo hapo. Ghana, Wakrobo hadi leo wanasaga chupa kuwa unga, wanaujaza kwenye kalibu na kusimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati. Kijiti kinaungua, kinaacha tundu. Hakuna umeme, hakuna digrii ya uhandisi.

Basi kwa nini haikushika huku kwetu? Maoni yangu ni haya: hakukuwa na sababu. Shanga ilikuja ikiwa tayari, ina rangi, na ni pesa. Nani anayeyusha noti ya elfu moja kuona itatoka nini? Watu wa K2 walifanya hivyo kwa sababu ile shanga kubwa, huko kwao, ilikuwa na hadhi kuliko ndogo. Ni hesabu ya biashara tu, haihusiani na akili ya mtu.

Sasa hesabu imegeuka. Kioo leo ni takataka, kiko bure ufukweni. Kile ambacho kinapotea ni ule moto.

Dani wangu wa Seme ni mfinyanzi. Alifundishwa na mama mkwe wake baada ya kuolewa, kama wafinyanzi wengi wa Ujaluo. Wateja wake wameisha, kila mtu anataka jerikeni na sufuria. Disemba iliyopita nilimwomba niweke kibakuli chenye vipande vya chupa moja ya kijani katikati ya vyungu vyake. Alinicheka, lakini akakubali.

Moto ulipotulia nilivuta kibakuli na fimbo. Wasee! Kingo zote zilikuwa zimelainika, zinang'aa kama zimelowa. Vipande viwili vilikuwa vimeshikana. Nikatoa simu nirekodi. Kabla sijabonyeza, nikasikia "ta!" Vyote vikapasuka.

Dani hata hakushtuka. "Nyakwara, mimi naweka mchanga na vigae vilivyosagwa kwenye udongo wangu, ndio maana unavumilia. Hiyo yako imeweka nini?"

Haikuwa imeweka kitu. Kioo nje kinapoa haraka, ndani bado ni moto, kinajivuta hadi kinapasuka. Wenye tanuri za umeme wanakishikilia kwanza karibu digrii 500 na kitu, halafu wanakishusha polepole kwa saa nyingi. Dani hana kipimo. Mara ya pili alinizikia kibakuli kingine ndani ya jivu la moto, akafunika na chungu kilichovunjika, akaniambia nisiguse hadi kesho. Kesho yake nilitoa kitone cha kijani, ukubwa wa kidole gumba, kizima. Niko nacho shingoni sasa hivi.

Mkijaribu, tumieni kioo cha chupa moja, kwa sababu vioo tofauti hujikunja tofauti na vitapasukiana. Vaeni miwani na barakoa mkivunja, vumbi lake si la kuvuta.

Chuo niliacha kwa sababu ya karo, na bado naona aibu nikiulizwa nyumbani. Lakini nilikuwa nimekaa darasani miaka miwili nikiamini ujuzi unatoka ng'ambo, na mtu aliyejua kupoza kioo alikuwa Seme, anauza chungu kimoja kwa wiki. Dani ana miaka 78. Hakuna mke wa ami yangu hata mmoja aliyejifunza kwake. Jumamosi narudi huko na gunia la chupa na daftari, na safari hii simu inabaki mfukoni hadi jivu lipoe.