Barua pepe za kazi zinavyotufuata hadi nyumbani

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, lakini riziki imenileta Nairobi. Nimepanga Umoja, huku Eastlands, na nafanya kazi ya uhasibu mjini. Juzi, saa tatu usiku, nilikuwa nikimsaidia binti yangu hesabu za shule, mara simu ikatetema mezani. Kabla sijaisoma, moyo ulishaanza kwenda mbio. Binti akafunga daftari mwenyewe, akasema, "Baba, jibu kwanza."

Maneno hayo yamenifanya nitafute chanzo cha msongo huu.

Kwanza, kinachosumbua zaidi ya wingi wa barua ni kutojua jibu linangojwa lini. Barua ya posta ilijulikana kuwa itachukua siku kadhaa. Barua pepe, tangu Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma ya kwanza kwenye mtandao wa kompyuta mwaka 1971, hufika papo hapo, nasi tukadhani kuwa jibu nalo lazima liwe la papo hapo.

Pili, kuna nakala zinazotumiwa kila mtu, hata asiyehusika. Tatu, woga: mwenye mkataba mfupi akikaa kimya usiku, anaogopa kuonekana mvivu. Nne, ofisi imehamia mfukoni. Zamani ukipanda matatu ya Jogoo Road jioni, kazi umeiacha mjini. Leo tunajibu barua tukiwa kwenye foleni, na nyumba ya chumba kimoja haina mlango wa kuifungia kazi nje.

Athari zake ni usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma na hasira kwa watu wa nyumbani. Kazi nayo huzorota. Mwaka 2012, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake waliwazuia wafanyakazi 13 kutumia barua pepe kwa siku 5, huku wakipima mapigo ya moyo wao. Msongo ulipungua, na wakaweza kushika kazi moja kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliona kwamba watu walipofungua barua mara 3 tu kwa siku, msongo wao ulishuka.

Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima simu baada ya kazi. Hapa Kenya, Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa aina hiyo mwaka 2022, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 tayari inampa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7.

Mimi sikungoja Bunge. Nilimwendea mkubwa wangu kwa adabu, tukakubaliana: la dharura apige simu, mengine yangoje asubuhi. Arifa za barua nazizima saa kumi na mbili jioni. Wiki ya tatu sasa, amepiga mara moja tu.

Ndugu msomaji, muulize wako. Huenda hata yeye hakujua kuwa unakesha ukimngoja.